Hema Katika Nchi ya Kilosa: Tangu Misafara Hadi Mafuriko

Mtu atokaye Dumila kwenda Kilosa hukata kilomita 45 za tambarare kabla ya kuwasili Rudewa. Upande wa magharibi humwangalia milima ya Ukaguru na Usagara. Upande wa mashariki hufunguka mbuga ya Mkata. Mito ishukayo kutoka milimani huingia tambarare hiyo kwa nguvu, hupunguza mwendo, hutapakaa, kisha huungana na kuwa mto Wami, uendao kumwaga maji yake baharini. Watu nao walipita hapo tangu zamani, wakitoka pwani kwenda bara na kutoka bara kwenda pwani, kwa sababu bonde la Mkondoa lilikuwa mlango wa kupandia milimani. Kwa hiyo nchi ya Kilosa ni njia ya watu na njia ya maji kwa pamoja, na katika mambo hayo mawili ndimo ilimozaliwa historia ya hema katika sehemu hizo.

Hema ni chombo ambacho wanahistoria hawakijali sana. Bunduki, ushanga, nguo na pembe za ndovu zimeandikiwa kurasa nyingi, lakini kitambaa alicholalia chini yake mwenye mali hutajwa kwa neno moja tu, kisha msafara huendelea. Hata hivyo uchaguzi wa hema haujapata kuwa jambo jepesi. Achaguaye hema hana budi kupima mambo manne: idadi ya watu watakaolala ndani, uzito wake, mvua na jua la nchi, na muda litakaotumika. Mambo hayo hugombana. Hema liwatoshalo watu wengi ni zito. Hema jepesi huvuja au huchanika. Hema lifaalo usiku mmoja halifai mwaka mzima. Aidha, kuna swali la tano ambalo wachaguzi wengi hawakujiuliza, nalo ni hili: ni nani atakayelibeba, na ni nani atakayelala ndani yake?

Lugha yenyewe yahifadhi sehemu ya habari hii. Neno hema limetoka katika Kiarabu, likaja pamoja na mambo mengine mengi ya safari na biashara. Neno turubai, litumikalo leo kwa kitambaa kizito cha kuzuia mvua, ni geni la zamani za karibu zaidi. Ama neno kambi, Richard Burton aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kama neno alilolikuta njiani, midomoni mwa watu wa msafara. Basi kambi ilikuwa na jina lake, sheria zake na ufundi wake kabla ya serikali yoyote ya kigeni kupiga hema Usagara.

Kambi aliyoieleza Burton haikuwa mkusanyiko wa mahema. Yeye na John Hanning Speke walipita nchi hiyo mwaka 1857, wakivuka Mkata na kufuata Mukondokwa, ndio Mkondoa wa leo. Wapagazi walipofika mahali pa kulala walitua mizigo, wakakata matawi na nyasi, wakajenga vibanda vya muda, na mara nyingi walizungushia boma la miiba. Palipokuwa na kambi ya zamani iliyoachwa na msafara mwingine, vibanda vilitengenezwa tu mahali vilipobomoka. Msafara uliofuata uliikuta nyumba ya msafara uliotangulia, na hakuna aliyedai kuwa ni yake. Ni kweli kwamba vibanda hivyo viliweza kuwa na wadudu, na moto uliviteketeza upesi. Lakini mpagazi hakuvibeba mgongoni. Nyumba yake ilikuwa katika mikono yake na katika pori.

Yafaa kukumbuka pia kwamba misafara haikuwa ya wanaume peke yao. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, na wengine na watoto. Wanawake hao walibeba vyombo, walipika, na walishiriki katika kazi za kambi. Kwa hiyo swali la kulaza jamaa nzima safarini si swali jipya lililoletwa na watalii wa zama hizi. Lilijibiwa njiani kwa kibanda cha nyasi, ambacho kingeweza kupanuliwa kwa kuongeza matawi, jambo ambalo hema haliwezi kufanyiwa. Atakaye hema kubwa zaidi hana budi kutafuta jingine.

Hema lilikuwa la mwenye msafara, awe tajiri wa pwani au mgeni wa Ulaya. Kazi yake ilikuwa zaidi ya kuzuia mvua. Lilitunza nguo na baruti zisilowe, lilikuwa baraza la kupokea wajumbe wa machifu waliokuja kudai hongo, na lilionyesha kwa mbali mahali alipo mkubwa. Kitambaa chenyewe mara nyingi kilitoka mbali sana. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliingiza Unguja pamba nyeupe iliyoitwa merikani, ikawa nguo, ikawa fedha, na ikafaa pia kushonea hema. Hivyo msafiri aliweza kulala chini ya kitambaa kile kile ambacho asubuhi yake angekipima kwa mkono ili anunue chakula.

Uzito ndio uliotawala yote. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulihesabiwa kuwa frasila 2, yaani ratili 70, kama kilo 32 kwa hesabu ya sasa. Chochote kilichozidi hapo kilihitaji mtu wa pili, na mtu wa pili alihitaji ujira na posho. Hema kubwa la nguo nzito, pamoja na nguzo zake, vigingi na kamba, liliweza kula nafasi ya mizigo kadhaa ya biashara. Wala uzito huo haukukaa pale pale. Pamba hunywa maji. Hema lililopigwa jioni likiwa kavu huinuliwa asubuhi likiwa limelowa kwa mvua au umande, na mpagazi aliyelipokea jana akakubali mzigo wake huuona leo umeongezeka bila ya mtu yeyote kuongeza kitu. Tena hema likifungwa bichi siku mbili tatu huanza kuoza. Kwa sababu hiyo msafara uliofika mapema na kukuta jua ulilianika hema kabla ya kulilalia, na ule uliosafiri katika masika haukupata nafasi hiyo.

Hayo yalidhihirika mwaka 1871, wakati Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone. Alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi, akiwa amegawa watu na mizigo yake katika misafara mitano, na masika ikamkuta njiani. Mbuga ya Mkata, ambayo wakati wa kiangazi ni nchi kavu ya kupitika, iligeuka kuwa matope na maji. Punda walikufa, watu waliugua, na Stanley mwenyewe alidhoofika kabla ya kufika Rehenneko, chini ya milima ya Usagara, mapema mwezi wa Mei. Katika taabu hizo hema la kuhifadhia mizigo lilipotea. Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyekwisha kuijua njia hiyo tangu siku za Burton na Speke, alikuwa ameviweka chini vitu alivyovibeba ili asaidie kulikwamua gari lililonasa njiani. Aliporudi hakuvikuta: hema halipo, na shoka la Kimarekani halipo, wala nguo zake mwenyewe. Stanley alikasirika, akamvua cheo cha unahodha wa msafara.

Kisa hicho ni kidogo, na katika kitabu cha Stanley kinapita upesi kati ya visa vikubwa zaidi. Lakini kikitazamwa kwa utulivu chaonyesha jinsi hukumu ya hema ilivyogawanyika. Aliyechagua vitu vya safari, na kuamua kuingia Mkata katika masika, hakuwa Bombay. Gari lililonasa halikuwa wazo lake. Yeye aliagizwa kubeba, akaagizwa kusaidia, na kazi hizo mbili hazikuweza kufanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hata hivyo hema lilipopotea, aliyetoa fidia kwa cheo chake alikuwa aliyelibeba. Miaka miwili baadaye, Verney Lovett Cameron alipita nchi hiyo hiyo katika majira hayo hayo. Alikaa Rehenneko kuwangoja wenzake, na mmoja wao, Robert Moffat, kijana wa ukoo wa Livingstone, hakufika kamwe. Homa ilimwua njiani mwezi wa Mei 1873. Hapana hema lililoweza kuwakinga watu na ugonjwa wa mabonde yale, maana ugonjwa uliletwa na mbu, jambo ambalo halikujulikana na yeyote kati yao.

Katika miaka ya 1884 na 1885 Annie Hore alisafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika pamoja na mumewe, Edward Coode Hore, na mtoto wao mdogo Jack, yeye akichukuliwa katika kiti na wapagazi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1886. Hapo hema lilipata kuwa nyumba ya baba, mama na mtoto, si kibanda cha mpelelezi mmoja, na mahitaji yakabadilika: mtoto hulala mchana, hutaka maji ya kuoga, na hawezi kungoja mvua ipite. Lakini jamaa za wapagazi waliowabeba ziliendelea kulala chini ya matawi.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alifika Usagara kutafuta sahihi za mikataba, na mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi. Baada ya hapo hema likawa ofisi. Ofisa wa Kijerumani, na baadaye bwana shauri wa Kiingereza, alizunguka wilayani akipiga hema karibu na nyumba ya jumbe, akakusanya kodi na kusikiliza mashauri mbele ya mlango wake. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafara mrefu wa mizigo vichwani ukafa pole pole katika njia hiyo. Ila vita vilipofika, mizigo ilirudi vichwani. Majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa mwezi wa Agosti 1916, na nyuma yao walikuja wapagazi wengi ambao wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na mvua kuliko na risasi.

Mkonge nao ulileta kambi za namna nyingine. Katika mashamba ya Rudewa, Kimamba na kwingineko wilayani, vibarua kutoka nchi za mbali walikaa katika makazi yaliyoitwa kambi, ingawa hayakuwa ya mahema, na ingawa wengine walikaa humo miaka mingi hata wakazaa na kuzika. Neno lililotumika kwa usiku mmoja wa safari sasa lilitumika kwa maisha mazima ya mtu. Badiliko hili la maana si dogo. Mpagazi alipoita mahali kambi, alijua kwamba kesho ataondoka. Kibarua aliyezaliwa kambini hakuwa na ahadi hiyo.

Upande wa kusini wa wilaya, Mbuga ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964, hema likapata heshima mpya. Likawa la watalii, yaani watu wanaolipa ili walale chini ya kitambaa kwa siku chache na kusikia simba usiku. Hao ndio wachaguzi wenye uhuru kamili. Huuliza juu ya vyumba, madirisha ya wavu, sakafu iliyoshonwa na wepesi wa kusimamisha. Na wasiporidhika hurudi nyumbani. Mashauri wanayopewa ni ya haki: wachague hema lililo kubwa kuliko hesabu ya watu wao, maana hema litajwalo kuwa la watu sita huwatosha sita wakiwa wamelala ubavu kwa ubavu bila mzigo wowote. Ni busara nzuri, lakini yahusu watu wenye nyumba kwingine.

Mwisho wa mwezi wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua kubwa zilinyesha milimani. Mkondoa ukavunja tuta, maji yakaingia Kilosa, nyumba zikaanguka, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya watu walipoteza makazi. Walikimbilia majengo ya umma, kisha wakahamishiwa katika kambi za mahema, na wengi walikaa humo muda mrefu kuliko uliotazamiwa. Miaka minne baadaye, mwezi wa Januari 2014, maji yaliivamia tena tambarare hiyo upande wa Dumila na Magole, daraja la Dumila katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma likaharibika, na mahema yakapigwa tena. Njia ile ile ya maji iliyomtesa Stanley ilikuwa imewafikia wenyeji majumbani mwao.

Hapo ndipo uchaguzi wa hema unapokuwa jambo la maisha. Mashirika ya kimataifa ya misaada yana hema la familia la vipimo maalumu: sakafu ya meta za mraba 16, pamoja na vibaraza viwili mbele na nyuma, kitambaa cha pamba iliyochanganywa na nyuzi za viwandani, na uzito wa kama kilo 55. Kipimo cha chini kinachokubaliwa kwa nchi za joto ni meta za mraba 3.5 kwa kila mtu, mahali pa kupikia pakiwa mbali. Mtu akigawanya 16 kwa 3.5 atapata watu wanne, na nafasi ya nusu mtu ikibaki. Ndiyo maana husemwa kwamba hema hilo ni la watu wanne au watano. Nalo limekusudiwa kudumu kama mwaka mmoja. Kwa mizani ya zamani, hema moja kama hilo lingekaribia mizigo miwili ya wapagazi. Kwa kuwa sasa huchukuliwa na lori, uzito hauwi tena kizuizi cha kwanza.

Hesabu hiyo ni ya uangalifu, wala haifai kudharauliwa. Lakini familia haiji kwa vipimo. Ikiwa nyumba ina watu wanane, yaani wazee, wazazi, watoto na yatima wa ndugu, kila mmoja hubakiwa na meta za mraba 2. Tena kwa Wasagara na Wakaguru, kama kwa jamaa nyingi nchini, vijana waliobalehe hawalali chumba kimoja na wazazi wao, na mkwe humstahi mkwewe. Nyumba ya udongo, hata ikiwa duni, ina ukuta wa kutenganisha. Hema la chumba kimoja laondoa ukuta huo, na pamoja nao huondoa adabu ambayo ilikuwa imejengwa ndani yake. Pazia la khanga hufanya kazi ya ukuta kwa macho, lakini si kwa masikio. Kwa hiyo familia kubwa yahitaji mahema mawili yaliyokaribiana zaidi ya kuhitaji hema moja kubwa. Na neno hilo halipatikani kwa kugawanya meta kwa vichwa, hupatikana kwa kuwauliza wenyewe.

Jua nalo lina hukumu yake. Katika tambarare ya Rudewa na Kilosa adhuhuri, hema lisilo na kivuli wala paa la pili haliingiliki. Watu hukaa nje, chini ya mti kama upo, na hema huwa ghala mchana na chumba usiku. Ardhi nayo yahitaji kuchaguliwa kabla ya kitambaa: uwanja ulioinuka, mifereji ya kuchimbwa pande zote, na nafasi ya kutosha baina ya hema na hema ili moto wa jiko moja usiteketeze kambi. Wapagazi wa karne ya kumi na tisa waliyajua hayo bila mwongozo, maana waliofuata njia hiyo mara kumi walijua ni kambi ipi hujaa maji na ni ipi hukauka.

Yaweza kusemwa kwamba wakati wa maafa hakuna nafasi ya kuuliza. Kwamba hema lolote ni bora kuliko mvua. Na kwamba anayetoa msaada hawezi kushona hema la kila familia. Hoja hiyo ni ya kweli kwa juma la kwanza. Mtu aliyeokolewa majini haulizi habari za vyumba. Lakini juma la kwanza hupita, na mwezi wa sita hufika, na kile kilichokubaliwa kama dharura huanza kuhesabiwa kuwa makazi. Ndivyo neno kambi lilivyokwisha kubadilika katika mashamba ya mkonge. Kosa halimo katika kutoa hema. Limo katika kusahau kwamba hema lina siku zake, na kwamba siku hizo zikiisha kitambaa huchanika kilipo, awepo mtu ndani au asiwepo.

Historia hii, basi, yafunua jambo moja lililodumu tangu 1857. Katika njia ya Kilosa hema lilichaguliwa aghalabu na mtu mmoja, likabebwa na mwingine, na katika miaka ya karibuni limelaliwa na wa tatu. Mwenye msafara alijichagulia nafasi na heshima, akamwachia mpagazi uzito. Mtalii hujichagulia raha, naye peke yake ndiye mchaguzi na mlalaji kwa pamoja. Mwathirika wa mafuriko hajapewa kuchagua, ingawa yeye ndiye atakayekaa humo muda mrefu kuliko wote. Wapagazi, walioonekana kuwa maskini wa hema, walikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: walijenga kwa kadiri ya watu wao, mahali walipopajua, kwa vitu vilivyokuwapo.

Mvua za milimani hazitakoma, na Mkondoa hautabadili tabia yake kwa sababu watu wamesahau. Watakaoandaa mahema ya safari ijayo ya maji wangefanya vema kuanza kwa wazee wa Rudewa, Kimamba na Kilosa, kabla ya mawingu kukusanyika: ni uwanja gani haujai maji, ni watu wangapi hula chungu kimoja, na ni nani asiyeweza kulala karibu na nani. Majibu hayo hayana uzito wa kubebwa na mpagazi, wala hayaozi yakifungwa mabichi. Nayo yakishapatikana, uchaguzi wa kitambaa ni kazi ya siku moja.